Wa Mbali Achaguliwa, wa Nyumbani Hapigi Kura



Leo twataka kusema juu ya neno moja dogo lililoleta taabu kubwa katika nchi yetu. Neno lenyewe ni "nyumbani". Nyumbani kwa mtu ni wapi? Ni pale alipozaliwa, au pale anapolala, au pale walipozikwa babu zake? Siku za kawaida kila mtu hujibu apendavyo, wala hapana amwulizaye zaidi. Lakini uchaguzi ukikaribia, swali hili huwa swali la sheria, na kwa jibu lake mtu hupewa kadi ya kura au hunyimwa, huruhusiwa kuomba kura au hufungiwa mlango.

Sisi tunaoandika tu wana wa Vitshumbi tuliokwenda kufanya ukarani migodini. Kazi yetu ni kuandika watu. Katika daftari la wafanyakazi mna nafasi mbili: moja ya mahali mtu alikotoka, ya pili ya mahali anapokaa. Mchimbaji hukaa kambini miaka kumi, huoa huko, huzaa huko, na bado katika nafasi ya kwanza huandikisha kijiji chake. Hatujamwona hata mmoja akistaajabu kwamba anazo nafasi mbili. Mastaajabu huanza katika siasa, maana huko mkubwa hutumia nafasi ile inayomfaa kwa siku ile, na mwananchi mdogo hunyimwa zote mbili.

Kwanza tueleze habari za kwetu, kwa faida ya wale wasiopajua. Vitshumbi ni mji wa wavuvi, kusini ya Ziwa Edward, katika wilaya ya Rutshuru, Kivu ya Kaskazini. Mtu akitoka Goma hupita Rutshuru, Kiwanja na Rwindi, ndipo ashuke ziwani. Ni mojawapo ya pwani tatu za uvuvi zilizokubaliwa kisheria upande wetu wa ziwa. Nyingine ni Nyakakoma na Kyavinyonge. Mji umo ndani ya Mbuga ya Virunga, ambayo Wabelgiji waliianzisha mwaka 1925, na kwa sababu hiyo watu wake hawaruhusiwi kulima. Viboko huingia mpaka kati ya nyumba. Chakula, ada ya shule, dawa ya mtoto, vyote hutoka katika mtumbwi na wavu. Basi mtu wa Vitshumbi hawezi kuwa wa Vitshumbi kwa jina tu. Asipokuwapo ziwani, hali.

Watu wa namna hii, kama kuna walio nyumbani, ndio hao. Lakini tazameni lililowapata.

Tarehe 20 Desemba 2023 Kongo iliitwa kupiga kura: kura ya rais, ya wabunge wa taifa, ya wabunge wa majimbo, na katika baadhi ya miji kura ya madiwani wa komini. Katika Rutshuru na Masisi kwetu, na katika Kwamouth huko magharibi, kura haikupigwa. Vita vilizuia. Jeshi la M23 lilikuwa limekwisha kuchukua Bunagana mwezi Juni 2022, na Rutshuru mjini pamoja na Kiwanja mwezi Oktoba mwaka ule. Ulipofika wakati wa kuandikisha watu, mwanzoni mwa mwaka 2023, Tume ya Uchaguzi, yaani CENI, haikuweza kuifanya kazi hiyo katika wilaya zetu kama ilivyofanya kwingine. Mwezi Machi 2024 Vitshumbi yenyewe ikaingia mikononi mwa M23, na mwezi Januari 2025 ikawa zamu ya Goma. Waliokuwa wamekimbilia kambi za Kanyaruchinya na Bulengo, nje ya Goma, wakaziona nazo zikivunjwa mwezi Februari 2025.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Katika uchaguzi ule ule wa 2023, kwa mara ya kwanza, Wakongo wanaokaa Ubelgiji, Ufaransa, Afrika ya Kusini, Marekani na Kanada waliandikishwa huko huko waliko, wakapiga kura ya rais. Hatuwaonei kijicho ndugu zetu hao. Ni haki yao, nasi twafurahi kwamba wameipata. Lakini yafaa tuseme wazi maana yake. Serikali iliweza kufikisha sanduku la kura Brussels na Paris, ng'ambo ya bahari, kwa Mkongo ambaye pengine hajaiona Kongo kwa miaka ishirini. Mvuvi aliyekimbia na wavu wake begani, aliyelala Kanyaruchinya chini ya turubai, hakupata sanduku la kumchagua mbunge wa Rutshuru. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Mvuvi huyu alikuwapo sana, na lake halikuwapo.

Na mgombea je? Sheria inamtaka akae wapi? Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 102, yataka mgombea ubunge awe Mkongo, awe ametimiza miaka 25, awe na haki zake zote za kiraia na za kisiasa, wala asiwe miongoni mwa waliozuiliwa na sheria. Basi. Juu ya mahali anapolala haisemi neno. Kifungu cha 101 chaongeza kwamba mbunge ni mwakilishi wa taifa zima. Kwa hiyo mtu aweza kukaa Kinshasa maisha yake yote, akaomba kura za Rutshuru, na sheria haitamgusa. Tena sheria ya uchaguzi ya mwaka 2006 yataka mgombea awe mpiga kura. Lakini kama hajaandikishwa, yamruhusu aandikishwe siku ile anapoleta karatasi zake za kugombea.

Lifikirini sana jambo hili, ndugu zetu. Mkubwa asiyeandikishwa huandikishwa mezani, siku ile ile, ili apate kuchaguliwa. Mvuvi asiyeandikishwa huambiwa kwamba muda umekwisha na njia imefungwa.

Hata walipokosa, wakubwa walipewa nafasi. Kifungu cha 10 cha Katiba chasema kwamba uraia wa Kongo ni mmoja, haushirikiani na mwingine. Mwaka 2007 ilipojulikana kwamba wabunge kadha wana pasi za nchi za kigeni, Bunge la Taifa liliwapa muda wa miezi mitatu watengeneze mambo yao. Miezi mitatu! Nani aliwapa watu wa Rutshuru miezi mitatu ya kungoja ili nao waandikwe?

Twajua jibu litakalotoka vinywani mwa wengi. Watasema: "Dawa ni nyepesi. Itungwe sheria kwamba asiyekaa kijijini asigombee. Alalaye Kinshasa aombe kura Kinshasa." Hata sisi tukiwa na hasira maneno hayo hutupendeza. Lakini hasira si mshauri mwema. Yafaa tuyapime, kwa maana dawa hii imekwisha kunywewa na wengine, nasi twajua ilivyowafanya.

Kwanza, sisi watu wa migodi tusisahau habari za Katanga. Mwezi Desemba 1957 Wabelgiji waliruhusu uchaguzi wa kwanza wa komini katika Léopoldville, Élisabethville na Jadotville. Walipiga kura wanaume waliokaa pale, bila kujali walikotoka. Huko Élisabethville ukuu wa komini za Waafrika ulikwenda kwa watu wasio wenyeji wa Katanga, wengi wao Wakasai walioletwa na kazi ya shaba na reli. Ndipo ikaanza kelele ya "wenyeji halisi", na mwezi Oktoba 1958 kikaundwa chama cha CONAKAT. Neno lile halikufa. Miaka ya 1992 na 1993 Wakasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi kwa maelfu mengi, wakalala vituoni wakingoja treni, wengi wakafa njiani. Walikuwamo watu waliozaliwa pale, ambao baba zao walitumikia migodi tangu ujana wao. Waliulizwa swali moja tu: nyumbani kwenu ni wapi? Na kila walichojibu hakikufaa.

Pili, sisi watu wa Kivu tusisahau habari zetu wenyewe. Sheria ya uchaguzi ya Machi 1960 iliwapa kura watu wa Ruanda-Urundi waliokaa Kongo miaka 10. Sheria ya mwaka 1972 ikawapa uraia waliokuwa wamekaa Kivu tangu kabla ya tarehe 1 Januari 1950. Sheria ya mwaka 1981 ikageuka, ikatafuta kabila zilizokuwapo mwaka 1885. Sheria ya mwaka 2004 ikahamisha tena kipimo mpaka siku ya uhuru, mwaka 1960. Mara nne kipimo kiliwekwa, na kila mara alikuwapo mwanasiasa aliyejua faida yake. Damu iliyomwagika Masisi na Rutshuru haikutoka katika neno hili peke yake, lakini neno hili lilitia mafuta katika moto.

Tatu, watazameni jirani. Zambia mwaka 1996 walibadili katiba, wakataka wazazi wote wawili wa mgombea urais wawe Wazambia. Na shabaha ilikuwa mtu mmoja, Kenneth Kaunda, aliyeitawala nchi ile miaka 27, kwa sababu wazazi wake walitoka Nyasaland. Tanzania, mbunge Tundu Lissu alipigwa risasi Septemba 2017, akapelekwa Nairobi, kisha Ubelgiji kutibiwa. Mwezi Juni 2019, hali yu ng'ambo bado, Spika akatangaza kwamba kiti chake ki wazi, na sababu mojawapo iliyotajwa ni kutokuwapo kwake. Kwetu, Moïse Katumbi, aliyekuwa nje ya nchi tangu mwaka 2016, alikuja mpaka wa Kasumbalesa tarehe 3 Agosti 2018 ili arudi kugombea. Mlango ukafungwa. Siku za kuleta karatasi zikapita, na yeye yu ng'ambo ya mpaka. Kisha mwaka 2021 ukaletwa mswada wa kutaka rais awe mwana wa baba Mkongo na mama Mkongo, na watu wote wakajua ni nani anayetafutwa, kwa kuwa baba yake alikuwa Mgiriki. Hatumtetei mtu. Chama chake na chetu si hoja hapa. Twasema tu kwamba kila mara sheria ya "nyumbani" ilipotengenezwa kwa haraka, ilikuwa kanzu iliyokatwa kwa kipimo cha adui mmoja.

Nne, na hili ndilo kubwa kwetu. Tuseme leo sheria yataka mgombea wa Rutshuru awe amekaa Rutshuru. Nani atagombea? Atagombea yule tu ambaye wenye bunduki wamemruhusu kukaa. Aliyekimbia kwa sababu alisema kweli atakuwa amepoteza haki yake kwa kukimbia. Huko Zanzibar, katika uandikishaji wa wapiga kura kwa chaguzi za 2005 na 2010, sheria ilitaka mtu awe amekaa miezi 36 mfululizo katika jimbo lake, na ugomvi wa masheha na waliokataliwa ulikuwa mkubwa, ingawa hapakuwa na vita. Ileteni miezi 36 hiyo Rutshuru, ambako tangu mwaka 2022 watu wamekimbia mara mbili, mara tatu. Hatabaki mpiga kura wala mgombea.

Tena tukumbuke aliko tokea Patrice Lumumba. Alizaliwa Onalua, Sankuru, mwaka 1925. Akiwa kijana alifanya kazi Kalima, Maniema, katika kampuni ya madini ya Symétain, kisha posta ya Stanleyville. Mwezi Mei 1960 watu wa Stanleyville ndio waliompeleka Bungeni, wala hawakumwuliza kaburi la babu yake. Kama kura ingefungwa kwa kijiji cha kuzaliwa, Stanleyville isingempata.

Basi twasema hivi: kosa si kwamba mwanasiasa anakaa mbali. Sisi wenyewe twakaa mbali. Nusu ya watu katika kambi za migodi wanakaa mbali na kwao, na mioyo yao iko kwao. Kosa ni kwamba mizani ni mbili. Mwanasiasa akihama, haki yake huhama naye. Mwananchi akihama, tena kwa kufukuzwa, haki yake hubaki nyuma na nyumba iliyochomwa.

Na kosa la pili ni kwamba sheria inajua kumwadhibu mbunge asiyefika Kinshasa, lakini haijui kumwadhibu asiyefika kwa watu wake. Kifungu cha 110 cha Katiba chasema kwamba mbunge akikosa zaidi ya robo ya vikao vya msimu mmoja, bila sababu wala ruhusa, hupoteza kiti chake. Vyema. Lakini Bunge hukaa tangu tarehe 15 Machi mpaka 15 Juni, na tangu 15 Septemba mpaka 15 Desemba. Miezi sita ya mwaka hapana kikao cha kawaida. Miezi sita hiyo ni ya nani? Mbunge akiimaliza yote Kinshasa au Ulaya, hakuna robo wala nusu itakayohesabiwa. Fimbo ya mbali haiui nyoka, nasi nyoka wetu wako karibu.

Kwa hiyo tunaleta mashauri manne, wala hayahitaji akili ya ajabu.

La kwanza: mtu aliyefukuzwa na vita abaki mpiga kura wa kwao, na aweze kuipiga kura hiyo pale alipokimbilia. Mvuvi wa Vitshumbi akiwa Goma, Lubero, Bukavu, au hata kambini mgodini, apewe karatasi yenye majina ya wagombea wa Rutshuru. Jambo hili si ndoto. Bosnia, baada ya mkataba wa Dayton wa mwaka 1995, mkimbizi alihesabiwa mpiga kura wa mji aliokaa mwaka 1991, akaweza kuupigia kura akiwa mbali. Palitokea udanganyifu, wakubwa wakijaza watu katika miji waliyotaka kuiteka kwa kura, hata uchaguzi wa miji ukaahirishwa mpaka mwaka 1997. Kwa hiyo lazima daftari liangaliwe kwa macho makali. Lakini daftari bovu hutengenezwa. Halitupwi pamoja na watu walioandikwa ndani yake. Na kama sanduku lilifika Brussels, halishindwi kufika Lubero.

La pili: mfanyakazi anayekaa mbali kwa kazi achague mwenyewe, kwao au kazini, mahali pamoja tu, bila kulazimishwa na bwana wa kazi wala na chifu. Akiisha kuchagua, asiitwe mgeni pale alipochagua.

La tatu: mgombea atangaze waziwazi mahali anapokaa, na jambo hilo libandikwe pale pa kupigia kura. Hatutaki kumzuia. Twataka kumjua. Kama anakaa Kinshasa, aseme, na watu wapime wenyewe.

La nne: mbunge ahesabiwe pia siku anazokaa na watu wake. Njia ikiwa wazi, aende mpaka ufuoni, aketi juu ya mtumbwi uliogeuzwa, asikilize. Njia ikiwa imefungwa kwa bunduki, basi awafuate watu wake walikokimbilia. Hapana awezaye kusema kwamba barabara ya kwenda kwa wakimbizi imefungwa kwa mbunge, maana wakimbizi wenyewe waliipita kwa miguu, na watoto migongoni.

Wako watakaotuambia tungoje amani kwanza, ndipo tuseme habari za kura. Maneno hayo twayajua. Mwezi Desemba 2018 watu wa Beni na Butembo waliambiwa wangoje kwa sababu ya Ebola na vita. Uchaguzi wao ukasogezwa mpaka Machi 2019, na rais alikuwa amekwisha kuapishwa mwezi Januari. Zaidi ya watu milioni moja walichaguliwa rais na wengine. Watu wa Beni hawakukubali kukaa kimya. Tarehe 30 Desemba 2018, siku wenzao wa nchi yote walipokuwa wakipiga kura, wao walipanga mistari wakapiga kura yao wenyewe kwa karatasi zao, wakijua wazi kwamba hazitahesabiwa. Walitaka ionekane tu kwamba wapo.

Kifungu cha 5 cha Katiba chasema kwamba Wakongo wote, wanaume kwa wanawake, waliotimiza miaka 18, ni wapiga kura na waweza kuchaguliwa, kwa kufuata sheria. Hakikuandikwa kwamba mvuvi hayumo. Hakikuandikwa kwamba aliyefukuzwa kwake hayumo.

Basi, ndugu zetu wa migodini na wa mijini, siku za uandikishaji zitakaporudi, atakuja mtu mwenye suti kutoka mbali, naye atawaita ndugu. Mpokeeni vizuri, maana huenda ni ndugu kweli. Lakini kabla hajafungua kinywa kuomba kura, mwulizeni maswali mawili. Mwaka uliopita ulikaa nasi siku ngapi? Na watu wa Rutshuru waliokimbia watapigia wapi kura yao? Akijibu la kwanza vizuri na la pili vibaya, bado hatufai.